Salsa ya tuisheni na mikono ya wageni

Anayetaka kujifunza salsa hukutana na swali la pesa hata kabla ya muziki kuanza: ajiunge na darasa la watu ishirini, au alipie saa nzima ya mwalimu peke yake? Wenye haya hukimbilia tuisheni. Wanataka kujifunza mlango ukiwa umefungwa, wajitokeze hadharani wakiwa wameshaiva. Wanaeleweka, ila wanaanzia mwisho.

Hatua ya msingi haina siri. Muziki huhesabiwa hadi nane; miguu hukanyaga moja, mbili, tatu, ikatulia kwenye nne, kisha tano, sita, saba, ikatulia tena kwenye nane. Mtu huikariri kabla jasho halijamtoka. Kazi ni kuicheza hesabu hiyo na mtu asiyemjua, mwenye hatua fupi, anayechelewa nusu pigo, au anayemng'ang'ania mkono kama abiria aliyeshika bomba kwenye daladala. Mwalimu hawezi kuufundisha ugumu huo kwa mikono yake mwenyewe, kwani akiongozwa vibaya hujirekebisha bila hata kufikiri. Mwanafunzi hudhani ameongoza, kumbe amebebwa.

Havana waliupatia ugumu huo dawa zamani. Katika miaka ya 1950 ilizuka huko rueda de casino, yaani gurudumu: wachezaji wawili wawili husimama kwa duara, na mmoja wao huita mtindo unaofuata. Akitamka "dame", maana yake "nipe", kila anayeongoza humwachia mwenzake na kumpokea wa jirani. Asiyesikia wito hugongana na mtu papo hapo, na duara zima huangua kicheko. Madarasa mengi ya vikundi huiga mzunguko huo. Ndani ya saa moja mtu hupita katika mikono kumi, na kila mkono una somo lake.

Tuisheni nayo ina siku yake. Eddie Torres wa New York, aliyecheza jukwaani na bendi ya Tito Puente, aliokota ufundi wake kwenye kumbi za dansi kwa kutazama. Baadaye June LaBerta, mwalimu wa dansi, ndiye aliyemhimiza azipe hatua zake majina na hesabu, naye akawa mwalimu mashuhuri wa salsa ambayo mchezaji hubadili mwelekeo kwenye pigo la pili. Lililomfaa lilikuwa jicho moja makini, lakini lilimkuta tayari ana dansi mwilini. Hapo ndipo saa ya peke yake inapolipa: mtu anapokuja na lalamiko mahususi, kwamba akizunguka anayumba, au bega linapanda kila akiinua mkono. Asiye na lalamiko hulipia mazungumzo tu.

Afrika Mashariki, sikio si tatizo kubwa. Bendi ya Salum Abdallah wa Morogoro iliitwa Cuban Marimba, na rumba ya Kongo iliyolea vizazi vya wachezaji ilikunywa kwenye sahani za santuri za muziki wa Cuba. Septemba 1974 bendi ya salsa ya Fania All Stars na mwimbaji Celia Cruz walipiga Kinshasa, wiki chache kabla ya pambano la ngumi la Ali na Foreman mjini humo, mbele ya watu wasiohitaji kutafsiriwa mdundo. Ila harusini siku hizi wengi hucheza kila mtu na nafasi yake, macho kwa bibi harusi. Kushikana na mgeni kwa dakika nne, mmoja akiongoza na mwingine akifuata, ndiko kunakowatoa watu kijasho, na ugeni huo haununuliki kwa mwalimu yule yule kila Jumanne.

Ndiyo maana usiku wa dansi hakosekani mtu mmoja aliyevaa viatu vizuri kuliko wote, mwenye miezi mitatu ya tuisheni, amesimama kando ya spika akimsubiri mwalimu wake amalize kucheza na wengine.