Uchungu wa kuzaa si mtihani wa kumpima mama

Katika vyumba vya kuzalia vya Lubumbashi, mama anayelia kwa uchungu huambiwa avumilie: mama yake na bibi yake walipitia hapo hapo. Maneno hayo hutolewa kama faraja. Lakini mama huyo huyo akipelekwa kupasuliwa, hakuna anayemwambia avumilie kisu. Mara nyingi anadungwa sindano mgongoni, upande wa chini wa mwili unakufa ganzi, na mtoto anatolewa mama akiwa macho.

Iko sindano ya karibu na hiyo, inayoitwa peridurali. Mpira mwembamba huachwa mgongoni, dawa inaongezwa kidogo kidogo wakati wote wa uchungu, na mama anabaki na akili zake. Si jambo la jana: munganga wa Hispania, Fidel Pagés, aliieleza kwa ajili ya upasuaji mwaka 1921. Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilipendekeza apewe mama mwenye afya nzuri anayeiomba.

Wengine wanaleta dini. Wakumbuke kwamba Papa Pius XII, mwaka 1956, alisema kuzaa bila uchungu hakupingani na Maandiko.

Kizuizi cha kweli ni watu na vifaa. Peridurali inaweza kushusha tensio ghafla. Inahitaji munganga wa anestezi, oksijeni, na mtu wa kumchunga mama na mapigo ya moyo wa mtoto. Shirikisho la dunia la wanganga hao linataka wasipungue 5 kwa kila watu 100 000. Kongo iko mbali na hapo. Kwa hiyo hakuna anayeidai kesho katika kila kituo cha afya cha Katuba au Ruashi.

Lakini hospitali kubwa kama Jason Sendwe na Kliniki za Chuo Kikuu ndipo pa kuanzia. Na mpango wa serikali wa kuzaa bure, uliozinduliwa Kinshasa Septemba 2023, uhesabu pia dawa za kutuliza uchungu. La sivyo, nafuu itabaki ya wenye pesa.

Yako pia yasiyongoja bajeti. OMS hiyo hiyo inapendekeza mama awe na mtu wake pembeni, na akandwe mgongo. Na matusi yakome. Kuvumilia kuwe chaguo la mama, si amri ya anayemzalisha.