Uzito Uandikwe Kwenye Barua ya Rufaa

Wilaya ya Rungwe husifika kwa mvua na rutuba. Katika kata ya Bagamoyo mjini Tukuyu (si Bagamoyo ile ya pwani), ndizi, viazi, maharage, maziwa na parachichi si vitu vya kutafutwa mbali. Hata hivyo, mgonjwa wa saratani ya umio aweza kudhoofu hapo hapo, mbele ya chungu kilichojaa, kwa kuwa chakula hakipiti kooni.

Tiba ya mionzi kwa miaka mingi imefuatwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Kati ya siku ya kutajiwa ugonjwa na siku ya kuanza tiba hupita majuma ya kutafuta nauli, majibu ya vipimo na mahali pa kufikia. Majuma hayo ndiyo yanayomaliza misuli. Mgonjwa aliyekonda hustahimili tibakemikali kwa shida: madhara ya dawa humzidia, dozi hupunguzwa au kuahirishwa, vidonda vya upasuaji huchelewa kupona na maambukizi humpata upesi. Mionzi nayo hutolewa kwa majuma kadhaa mfululizo, na kukatiza katikati hupunguza uwezekano wa kuudhibiti ugonjwa.

Basi ni ajabu kwamba barua ya rufaa yaweza kueleza kila kipimo na kuusahau uzito. Mtu aliyekuwa na kilo 60 akapoteza zaidi ya 3 katika miezi 6 bila kukusudia, amekwisha kuvuka asilimia 5 ambayo wataalamu huihesabu kuwa dalili ya hatari. Mizani ya zahanati yatosha kuligundua hilo.

Wapo wanaomshauri mgonjwa aache maziwa, nyama na sukari ili uvimbe ufe njaa. Ushauri huu, ujapotolewa kwa upendo, unadhuru. Mgonjwa asipokula, mwili huila misuli yake, na uvimbe huendelea kupata riziki humo humo.

Kwa kawaida mgonjwa huhitaji kilokalori 25 hadi 30 na protini gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Uji mwepesi wa maji haufiki huko. Upikwe kwa maziwa, utiwe karanga zilizosagwa laini au yai likaiva humo, unywewe kidogo kidogo mara nyingi. Asiyemeza hata uji asiambiwe ajitahidi: huyo ahitaji mpira wa kulishia au kuzibuliwa umio, mapema. Na aliyekaa siku nyingi bila kula asishibishwe ghafla, maana chumvi za damu zaweza kushuka hata moyo ukasimama. Aanzishwe taratibu chini ya uangalizi wa hospitali.

Zahanati inayomwandikia mgonjwa rufaa leo yaweza kuongeza mistari mitatu: uzito wa sasa, uzito wa miezi 6 iliyopita, na anachoweza kumeza.