Haki ya Mtunzi wa Rudolph

Desemba inapowadia, wimbo wa Rudolph, yule ayala wa nchi za theluji mwenye pua nyekundu, husikika hata katika miji ambayo theluji haijapata kuanguka, na walio wengi hudhani kuwa kisa chake ni urithi wa kale usio na mwenyewe. Kumbe kilitungwa na mwajiriwa mmoja wa Chicago aliyeitwa Robert L. May, ambaye jina lake halitajwi.

Mwaka 1939 kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, iliyokuwa na ada ya kuwagawia watoto wa wateja vitabu vya bure wakati wa Krismasi, ilimwagiza May, mwandishi wake wa matangazo, atunge kitabu cha kampuni yenyewe. Siku hizo mkewe, Evelyn, alikuwa taabani kwa maradhi ya saratani, na gharama za matibabu zilikuwa zimemtia katika deni. Julai akafariki dunia, akimwachia mumewe binti mdogo, Barbara. Mkuu wa kazi alipotaka kumwondolea mzigo ule ampe mtu mwingine, May alikataa, akaendelea kuandika katika huzuni ile hata Agosti, alipomaliza akawaita Barbara na babu na bibi yake sebuleni, akawasomea. Mkuu huyo alikuwa amekwisha kuihofia pua nyekundu, isije ikadhaniwa kuwa ni ya mlevi, hadi May alipokwenda na mchoraji Denver Gillen katika bustani ya wanyama ya Lincoln Park kuchora ayala, na michoro ile ikamtoa shaka.

Mwaka ule ziligawiwa nakala zipatazo 2,400,000, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1946, kitabu kikapigwa chapa tena. Lakini May hakuwa na fungu katika mali hiyo, kwa kuwa kilichoandikwa kwa mshahara kilikuwa milki ya mwajiri. Januari 1947 kampuni, chini ya mkuu wake, Sewell Avery, ilimkabidhi hakimiliki. Wako wanaoiita hisani, nami sikatai kwamba Avery anastahili shukrani, maana sheria haikumlazimisha. Ila kwa rai yangu ilikuwa haki iliyochelewa. Miaka miwili baadaye shemeji yake May, Johnny Marks, alitunga wimbo, Gene Autry akauimba, na sifa zikamwendea mwimbaji.

Nasi tunao watunzi wa namna hiyo, wanaoandika michezo ya redio, matangazo na hadithi za watoto kwa ujira wa mwezi, na kazi zao zikiishi kuliko ajira zao, wao na warithi wao hawaambulii kitu. Nawasihi waajiri na vyama vya waandishi waweke katika mikataba sharti lililo wazi: kazi ikipigwa chapa tena au ikigeuzwa wimbo, mtunzi atajwe jina na apewe fungu lake, pasipo kungojea moyo mwema wa tajiri.