Meno ya mtoto aliyepona kansere

Mtoto aliyeshikwa na kansere ya kichwa au ya shingo huenda akatibiwa kwa mionzi. (Hatusemi leo juu ya ule uvimbe wa taya ambao Daktari Denis Burkitt aliueleza kutoka Kampala mwaka 1958, huo hutibiwa hasa kwa dawa.) Mionzi huua chembe za mwili zinazoongezeka upesi, na ndivyo zilivyo chembe za kansere. Lakini ndani ya taya la mtoto zimo nyingine zifanyazo vilevile, nazo ndizo zinazojenga meno ya ukubwani. Sisi twaona meno ya maziwa tu, twadhani hakuna kingine. Kumbe gego la kwanza la kudumu, litokezalo kwenye miaka 6, huanza kuwa gumu karibu na siku ya kuzaliwa, na mizizi yake haikamiliki mpaka miaka 9 au 10. Mionzi ikipita hapo kabla kazi haijaisha, jino laweza kukosekana kabisa, au kuota dogo mno, au kuwa na mizizi mifupi isiyolishika vema. Waliotibiwa kabla ya miaka 5 ndio wapatao hasara kubwa.

Mtu asisome haya akamkatalia mwanawe mionzi! Uhai watangulia meno.

Kisha kuna mate. Hatuyaheshimu, lakini ndiyo yanayoosha meno mchana kutwa. Mionzi ikiharibu tezi zake, kinywa hukauka, pengine kwa maisha yote, na meno huoza upesi. Mtoto huyo anywe maji mara kwa mara, apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, apelekwe kwa mganga wa meno kila miezi 6. Nao bibi na shangazi, kwa huruma yao, wasimtulize kwa soda na pipi.

Lakini jambo tunaloliogopa kuliko yote ni kung'oa jino. Mfupa wa taya uliopata mionzi mingi hupungukiwa na damu. Jino likitolewa, kidonda chaweza kukataa kupona, na kipande cha mfupa kikafa. Hatari hiyo haiishi kwa kupita kwa miaka: huyo mtoto atakuwa baba au mama, ataumwa jino katika mji mwingine, na mganga atakayemtazama hataona kwa macho alama ya matibabu ya zamani. Asipoambiwa, atashika koleo lake kama kawaida.

Kwa hiyo, kabla ya kutoka hospitalini, tuombe karatasi yenye kuonyesha mionzi ilipiga wapi, mwaka gani, na kwa kipimo gani. Kipimo huandikwa kwa herufi Gy. Tuiweke pamoja na kadi ya ubatizo, na mtoto akiisha kujua kusoma, tumwonyeshe ilipo.