Moto Ukae Kando, Kuku Akae Kati



Ilitujia barua ya mama mmoja katika wasomaji wetu. Mumewe aliporudi likizo kutoka Ghuba alimletea jiko la makaa la duara, lile lisimamalo juu ya miguu mitatu na kufunikwa kwa kifuniko kilichobinuka mfano wa kawa. Mama akaazimia kuoka kuku wa kuuza jioni, apate cha kuongezea karo ya watoto. Kuku wa kwanza aliungua ngozi na ndani akabaki mbichi. Wa pili akawa vivyo hivyo. Wa tatu alimfikia mteja, na mteja akamrudisha. Sasa jiko limeleta maneno nyumbani: mume asema mke hajui kupika, mke asema jiko ni bovu, na muuza kuku angojea deni lake. Mama atuuliza kama akope tena, anunue vile vyombo vya ziada vya jiko hilo alivyoviona dukani.

Jawabu yetu ni kwamba asikope. Jiko ni zima na mpishi ni hodari. Kilichokosewa ni mahali pa moto.

Mama huyu amewasha makaa, akayatandaza jiko zima, kisha akamlaza kuku juu yake. Mafuta ya kuku yakadondokea makaa, miali ikapanda, na ngozi ikawa nyeusi kabla joto halijafika kwenye mfupa. Kuku mzima hataki hivyo. Ataka makaa yawe pembeni, yeye awe katikati, na kifuniko kiwe juu ili joto limzunguke kila upande. Elimu hii si ngeni kwetu watu wa pwani. Bibi zetu, wali ukikaribia kukauka maji, walipunguza makaa ya chini wakapalia mengine juu ya kifuniko. Mkate wa sinia nao umeokwa kwa moto wa kupalia miaka mingi kabla ya tanuri za umeme kuingia majumbani mwetu.

Hata jiko hilo la duara lilizaliwa kwa mtu kutumia alichokuwa nacho. Mwaka 1952 huko Marekani, George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha vyuma karibu na Chicago, alichukua boya la chuma, akalikata nusu mbili, nusu moja ikawa jiko na nyingine kifuniko. Basi nasi tusione haya kutengeneza viungo vyake kwa mikono yetu.

Cha kwanza ni kopo la kuwashia. Chukua kopo kubwa la samli, la chuma, uondoe kifuniko na kitako. Toboa matundu kwa msumari kuzunguka sehemu ya chini, kisha pitisha vipande vinne vya nondo nyembamba kutoka ubavu hadi ubavu, vidole vitatu juu ya ukingo wa chini, viyazuie makaa yasianguke. Liunguze kwanza likiwa tupu, uwanjani, mpaka rangi yake yote iishe. Siku ya kupika, lijaze makaa, tia karatasi chini yake, uwashe. Baada ya dakika 15 hadi 20 makaa ya juu yatavaa jivu la kijivu. Liinue kwa koleo, umimine. Mafuta ya taa hayahitajiki tena, na harufu yake haitaingia katika nyama ya mteja. Karatasi yenyewe isiwe na aya wala jina la Mwenyezi Mungu; hata jarida letu hili msilitie motoni.

Cha pili ni matofali mawili ya udongo uliochomwa. Yaweke ndani ya jiko, moja kulia na moja kushoto, na makaa yakae kati ya tofali na ukuta wa jiko. Katikati pabaki wazi. Matofali yawe makavu kabisa, yamekaa juani siku kadhaa, kwani tofali lililonywa maji laweza kupasuka likipata moto.

Cha tatu ni sinia kuukuu la alumini, au sufuria fupi isiyotumika tena. Liweke pale katikati, chini ya wavu, ulitie maji kiasi cha vidole viwili. Litapokea mafuta yanayodondoka, miali isipande, na maji yatalituliza joto. Lisiachwe likauke.

Mkienda kwa fundi au mkiokota vyuma, jihadharini na mambo mawili. Bati la kuezekea na seng'enge nyingi zimepakwa zinki, na zinki ikipata moto mkali hutoa mafusho yanayotia homa na kubana kifua. Msiviweke karibu na makaa. Na kopo lililokuwa la rangi au la dawa ya wadudu lisiguse kabisa jiko la chakula.

Cha nne ndicho pekee cha kununuliwa, nacho ni kipimajoto cha nyama. Kichomeni katika sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa; kikisoma nyuzi 74 za Selsiasi, kuku ameiva. Anayeuza chakula asiwakisie watu afya zao.

Sasa kupika kwenyewe. Kuku wa kilo moja na nusu, aliyelala na ukwaju, thomu, tangawizi na chumvi, mwekeni juu ya wavu, juu ya lile sinia. Funikeni. Tundu la chini liwe wazi, la juu liwe wazi nusu, wala lisizibwe lote wakati wa kupika. Msifunue kila mara kuchungulia, maana kila mkifunua joto hutoka na saa huongezeka. Baada ya dakika 45 ongezeni makaa machache kila upande. Yapata saa moja na robo kuku atakaribia. Dakika 15 za mwisho mpakeni tui zito mara mbili au tatu. Mkimaliza, zibeni matundu yote mawili. Moto utakufa kwa kukosa hewa, na makaa yaliyobaki mtayatumia kesho. Kwa bei ya gunia la makaa siku hizi, kuyaacha yateketee bure ni israfu.

Limebaki jambo moja, nalo twalieleza kwa aibu. Masika moja mvua ilitukuta kuku akiwa jikoni, nasi tukaamuru jiko liingizwe ukumbini. Ahali yetu alisita. Tukamwambia moshi umekwisha, pana hofu gani? Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya mvua. Haikupita muda binti yetu mdogo akalalamika kichwa, kisha akatapika, na mama yake alipoinuka kumshika miguu ikamlegea. Jirani aliyekuja kurudisha sahani ndiye aliyefungua milango akawatoa nje. Hospitali walitueleza kuwa makaa, hata yasiyotoa moshi, hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa wamelala. Alhamdulillahi walipona. Lakini kosa lilikuwa letu, tuliyekuwa tumewafundisha watu mara nyingi ya kwamba Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alikataza kuuacha moto ukiwaka nyumbani wakati wa kulala, na aliyesita ndiye aliyekuwa na akili. Basi jiko hili likae nje, mbali na mlango na dirisha. Mvua ikija, chakula kiingie ndani, jiko libaki. Kuku mmoja akiharibika atanunuliwa mwingine.

Na kwako, ndugu yetu mume wa mama huyu. Zawadi yako ni njema, lakini umeileta nusu. Kabla likizo haijaisha, kaa uwanjani utoboe lile kopo, uyatafute yale matofali, uonje kuku wa kwanza na useme neno zuri. Mtume alikuwa akishona viatu vyake na kuwasaidia watu wa nyumbani kwake katika kazi zao, wala heshima yake haikupungua. Na wewe mama, kuku wa kwanza atakayeiva usimuuze. Mgawie jirani kipande. Nyingine mkae mle pamoja na watoto. Wa pili mpelekee yule mteja aliyekurudishia.

Mwenyezi Mungu atie baraka katika riziki zenu na awaepushe na kila madhara.

Wabillahi tawfiq.