Dola za Bei Rasmi Zilikwenda kwa Nani?

Toleo hili lilipangwa liwe la mafuta. Limegeuka kuwa la fedha za kigeni, kwa sababu kila makala tuliyoletewa kuhusu foleni za petroli, ikifuatwa hadi mwisho, ilifika kwenye mlango mmoja: Benki Kuu, BRB, na swali la nani anapata dola pale na kwa bei gani. Tukaona heri tuanzie hapo ambapo wote walikuwa wanaishia.

Habari ya mpango wa kuuokoa uchumi siirudii kwa urefu. Julai 2023 Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, liliidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 271 kwa Burundi, likatoa milioni 62.6 za kwanza, kisha mapitio yakakwama na awamu nyingine hazikuja. Kinachoniudhi ni jinsi tulivyoupokea mkwamo huo. Serikali imewataja walanguzi, wanaoficha bidhaa, wanaovusha mafuta na sukari mpakani, na wafadhili waliotupa kisogo tangu Umoja wa Ulaya ulipositisha msaada wa moja kwa moja wa bajeti mwaka 2016. Upinzani, ule uliobaki na sauti, umejibu kwa neno moja, ufisadi, na ukaishia hapo. Kila upande una haki yake. Magendo yapo, kususwa kulituumiza, na rushwa anaijua kila mtu aliyewahi kuhitaji karatasi yenye muhuri. Lakini yote hayo ni majina ya watu wabaya. Mgawanyo wenyewe wa dola, utaratibu unaomfanya mtu mwema na mtu mbaya wavutwe na faida ile ile, haujawekwa mezani na chama chochote kwa namna inayoweza kujibiwa.

Hesabu yake haihitaji shahada. Mei 2023 dola iliyokuwa ikiuzwa rasmi kwa takriban faranga 2,100 ilipandishwa hadi zaidi ya 2,800. Mwezi uliofuata noti za 5,000 na 10,000 ziliondolewa na wananchi wakapewa siku kumi kuzibadilisha. Lengo lilikuwa bei rasmi na bei ya mitaani zikaribiane. Hazikukaribiana. Bei rasmi ilijikokota bila kufika 3,000, ya mitaani ikakimbia, na mapema 2025 dola moja ilikuwa imepita faranga 7,000.

Sasa mchukue mwagizaji aliyeidhinishiwa wakati huo dola 100,000 kwa faranga 2,900. Amelipa faranga milioni 290. Dola hizo hizo mitaani zilikuwa milioni 700. Kabla hajaagiza katoni moja ya dawa au lita moja ya mazutu, mkononi mwake pana tofauti ya milioni 410. Akiagiza bidhaa na kuziuza kwa bei inayofuata dola ya mitaani, tofauti ni yake. Akiagiza nusu na nusu akaigeuza, ni yake vilevile. Akiwa mwaminifu kabisa na kuuza kwa bei iliyopangwa na serikali, basi tofauti anaichukua atakayenunua kwake na kuvusha bidhaa mpakani. Fedha hizo lazima zimwangukie mtu. Kwa hiyo tunapoambiwa kwamba mpango wa kuuokoa uchumi ulishindwa, mimi nauliza kwanza ulimwokoa nani katika miezi ile ambayo dola zake zilikuwepo.

Ombi langu, na sifichi kwamba toleo zima nimelielekeza huko, ni moja: BRB ichapishe kila wiki orodha ya kampuni zilizopewa fedha za kigeni, kiasi gani, kwa bei gani na kwa bidhaa gani. Baada ya miezi mitatu, Mamlaka ya Mapato, OBR, ichapishe kando ya kila jina bidhaa zilizoingia kweli forodhani. Haihitaji mkopo mpya wala wataalamu wa kuletwa kwa ndege. Karatasi zote mbili zipo tayari, kila moja katika jengo lake, hapa hapa Bujumbura.

Najua pingamizi, na mojawapo naliheshimu. Wapo wanaosema kwamba katika mji wenye historia kama yetu, orodha ya majina ni hatari: watu watasoma makabila, watasoma mikoa, watasoma vyama, na siku ya vurugu karatasi hiyo itageuzwa kitu kingine. Hilo si jambo la kupuuza kwa mtu aliyekuwa Bujumbura mwaka 1993 au 2015. Ndiyo maana nasema kampuni, si watu. Kiasi na bidhaa, si anwani. Lakini tukumbuke pia kwamba orodha isiyoandikwa inasomwa kila siku. Bwiza na Buyenzi, Ngagara na Kinindo, kila mtaa una orodha yake ya kichwani ya nani kanenepa na dola za serikali, na hizo za kichwani hazina forodha ya kuzithibitisha wala kuzikanusha. Mfanyabiashara safi ndiye anayeumia zaidi, maana hana karatasi ya kujisafishia.

Pingamizi la pili ni la siri ya biashara, na hilo haliniumizi kichwa. Anayetaka siri anunue dola kwa bei ya soko. Anayepewa kwa bei iliyopunguzwa na taifa zima awe tayari kutajwa mbele ya taifa zima.

Badala ya orodha tumepata mabadiliko ya watu. Septemba 2022 waziri mkuu alibadilishwa. Oktoba 2023 gavana wa BRB, Dieudonné Murengerantwari, aliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na Edouard Normand Bigendako. Wizara ya Fedha nayo imepita mikononi mwa zaidi ya mmoja. Sisemi hatua hizo hazikuwa na sababu. Nasema kwamba baada ya kila badiliko, pengo la bei mbili lilibaki na likaendelea kupanuka, kwa kuwa aliyekuja aliukuta utaratibu ule ule ukimngoja. Nestor Ntahontuye, aliyefanywa Waziri Mkuu Agosti 2025, ametokea Wizara hiyo hiyo ya Fedha. Hakuna haja ya mtu kumweleza karatasi ziko wapi.

Majirani zetu wa Tanzania waliipita njia hii, na inasikitisha kuona tunavyojifunza kwao muziki na soka lakini si hili. Mwaka 1979 Edwin Mtei alijiuzulu Wizara ya Fedha baada ya kutofautiana na Mwalimu Nyerere kuhusu masharti ya IMF, ushushaji wa thamani ya shilingi ukiwa mbele. Mwalimu alikuwa na hoja nzito: nchi huru haiwezi kuendeshwa kwa barua kutoka Washington. Hoja hiyo nami naikubali. Lakini kukataa masharti hakukujaza maduka. Mwaka 1983 ikaja vita dhidi ya wahujumu uchumi, Edward Sokoine akiisimamia, na wengi wakakamatwa kwa kuficha sabuni, sukari na vitambaa. Vitu havikurudi kwa misako. Vilianza kurudi baada ya bajeti ya 1984 kuruhusu wenye fedha zao za kigeni waagize bidhaa, na mwaka 1986, chini ya Rais Mwinyi, makubaliano na IMF yakatiwa saini. Miaka saba ilikuwa imepita tangu Mtei aondoke. Anayedhani kwamba kumkamata mbadilisha pesa karibu na lilipokuwa soko kuu letu kutashusha dola, aanze na miaka hiyo saba.

Hapo namjibu pia mchangiaji wetu mmoja, mchumi kijana, ambaye makala yake ndiyo bora kati ya zinazonipinga. Anatetea uamuzi wa serikali wa kutoshusha tena thamani ya faranga. Dawa, mbolea na mafuta vinatoka nje, anasema. Ukishusha faranga, maskini ndiye wa kwanza kulipa. Angekuwa sahihi kama maskini angekuwa bado ananunua kwa bei rasmi. Muuza vipuri wa Buyenzi hataji bei ya kichujio cha mafuta au breki kabla hajapiga simu kuuliza dola imeamkaje, na dola anayoiulizia si ya BRB. Anayekwenda mpakani Gatumba na dumu la lita ishirini kupokea petroli iliyotoka Uvira analipa bei ya mitaani, na gharama ya safari juu yake. Kwa mwananchi wa kawaida faranga ilishashushwa zamani. Bei rasmi inalindwa kwa ajili ya wale wanaoifikia. Mchangiaji wetu anawatetea maskini kwa moyo, na hilo namvulia kofia, ila ngao anayoitetea hawajaishika wao.

Sisemi basi tushushe kesho asubuhi kama IMF walivyotaka. Ushushaji wa 2023 ulifanyika bila akiba ya kutosha nyuma yake, na nakisi ya bajeti ikaendelea kuzibwa kwa fedha za Benki Kuu. Huo ni upungufu wa mpango, na waliouandika Washington wanapaswa kuujibia pamoja na waliousaini hapa. Kuhusu mwendo wa kufika kwenye bei moja, polepole au kwa mkupuo, wachangiaji wetu wanagombana vizuri na nimewaachia nafasi. Kuhusu orodha sioni cha kugombania.

Kuna tukio la mbali ambalo nimelifikiria sana nikiandaa kurasa hizi. Tarehe 29 Septemba 2008, katikati ya msukosuko wa mabenki, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilikataa mpango wa dola bilioni 700 wa kuyaokoa mabenki, kwa kura 228 dhidi ya 205. Soko la hisa la New York likaporomoka siku hiyo hiyo, na siku nne baadaye mpango uliorekebishwa ukapita. Watu wamebishana miaka mingi nani alikuwa sahihi, na sina nia ya kuwaamulia. Ninachokionea wivu ni kwamba kura ya kila mwakilishi ilibaki kwenye kumbukumbu: mwananchi wa Ohio aliweza kumuuliza wake kwa jina, ulikataa kwa nini Jumatatu ukakubali Ijumaa? Kwetu mkopo ulikuja, ukakwama, na mbunge anayeketi bungeni Kigobe hana kura yake juu ya mgawanyo wa dola ambayo mpiga kura wa Kirundo au Rumonge angeweza kumshikilia.

Na Kigobe ya sasa ina jambo lake. Katika uchaguzi wa Juni 2025 viti vyote 100 vilivyopigiwa kura vilichukuliwa na CNDD-FDD. Kwa hiyo swali la orodha, likiulizwa bungeni, litaulizwa na mbunge wa chama tawala, au halitaulizwa kabisa. Nawaandikia wao bila chuki. Chama kimeahidi kila mdomo upate chakula na kila mfuko upate pesa. Basi mbunge wake ana haki ya kujua dola zinapita mifuko gani kabla ya kufika popote, na hakuna atakayemwita mpinzani kwa kuuliza.

Makala nyingine nazitaja kwa ufupi, si kwa kuwa ni ndogo. Mhasibu mstaafu anarudi kwenye mpango wa marekebisho ya uchumi wa 1986, enzi za Rais Bagaza, na anaonyesha ni masharti gani ya leo tuliwahi kuyasikia. Mwalimu wa sekondari anaeleza jinsi mshahara unavyoisha tarehe kumi. Kutoka Nairobi tumepata simulizi ya Juni 2024, vijana walipoingia barabarani na Rais Ruto akakataa kutia saini Muswada wa Fedha. Ni makala yenye moto, lakini naonya kwamba barabara zetu si zao na gharama ya kutoka haifanani. Kuhusu Uvira na mpaka tumechapisha barua mbili, kila moja ikiikosoa nyingine.

Iliyobaki ni makala ya kahawa, na ndiyo niliyoipigania ikae mbele ingawa mwandishi wake si mchumi. Amekaa na wakulima wa Kayanza na Ngozi, mikoa ambayo leo imo ndani ya Butanyerera, na amefuatilia kahawa kutoka kwa mkulima, ikapita kiwanda cha kuoshea, ikasafirishwa hadi bandari ya Dar es Salaam. Mkulima analipwa kwa faranga, kwa bei iliyotangazwa. Kahawa yake inauzwa kwa dola. Sehemu ya dola hizo inayokabidhiwa nchini inabadilishwa kwa bei rasmi, na ndiyo hiyo hiyo anayopewa mwagizaji wa mjini kwa faranga 2,900. Kisha mkulima anashuka sokoni kununua chumvi, sabuni na bati la nyumba kwa bei inayofuata dola ya mitaani. Ile milioni 410 niliyoihesabu juu ilitoka mahali, na kwa kiasi kikubwa ilitoka kwake. Msomaji anayedhani habari za dola ni za watu wa mjini aanze na makala hiyo, ndipo arudi kwenye zetu.