Msikilizaji Asifungiwe Nje ya Hadithi

Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo unaoitwa Dungeons & Dragons. Hauhitaji uwanja wala karata, na mwisho wake hatangazwi mshindi. Watu wanne au watano huketi mezani. Mmoja wao husimulia, na waliobaki kila mmoja hujitwika mhusika wake: mchawi, mwizi, askari, mganga. Msimulizi husema, "Mmefika mlangoni mwa pango. Ndani mnasikia pumzi za mnyama mkubwa. Mtafanya nini?" Wakishajibu, hurushwa dadu yenye pande 20 ili ijulikane kama walilokusudia limefaulu au limewageukia.

Mwalimu wa fasihi simulizi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Huyo ni fanani, na hao ni hadhira. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa. Hadhira ya ngano zetu huitikia, huimba kiitikio, hata humrudi fanani anaporuka kisa, lakini hatima ya sungura haimo mikononi mwake. Katika mchezo huu imo.

Ndiyo sababu swali la namna ya kuugeuza mchezo huu kuwa filamu limewashinda wengi. Filamu iliyotolewa mwaka 2000, chini ya uongozi wa Courtney Solomon, ilijaza majoka na minara, ikamleta hata Jeremy Irons, na bado ikapooza. Aliyeitengeneza alidhani kwamba uhondo wa mchezo umo katika majoka. Mwaka 2023 Jonathan Goldstein na John Francis Daley walijaribu tena, wakakaribia zaidi. Katika filamu yao kuna mahali ambapo mashujaa wanawaamsha maiti makaburini ili kuwahoji. Kila maiti hujibu maswali matano tu, kisha hunyamaza milele. Basi mashujaa hao wanayapoteza maswali kwa upuuzi, mmoja akimwuliza mwenzake jambo na maiti akalijibu yeye! Kila mpango wao unavunjika na kulazimu mwingine. Dadu haionekani popote, lakini mtazamaji anaisikia ikibingirika.

Mimi ni mwanaisimu, kwa hiyo niruhusiwe kulitazama jambo hili kwa jicho la sarufi. Ngano ya Kiswahili husonga kwa -ka-: akaenda, akafika, akamkuta zimwi. Ni mambo yaliyokwisha kutendeka, ya mtu wa tatu, na msikilizaji hana la kuyafanya. Mchezo wa mezani huishi katika nafsi ya pili na wakati ujao: utafanya nini? Filamu huichukua nafsi ya pili na kuirudisha kuwa ya tatu. Hapo ndipo hasara ilipo, wala majoka hayawezi kuifidia. Wapo waliojaribu kuizuia hasara hiyo kwa mitambo. Mwaka 2018 Netflix ilionyesha Bandersnatch, filamu inayomtaka mtazamaji abonyeze njia aitakayo. Mimi haikunishawishi. Kuchagua kati ya njia mbili zilizoandikwa na mtu mwingine si kujibu, ni kutia alama kwenye karatasi ya mtihani.

Msomaji ataniuliza mambo haya yanawahusu nini watu wa Kegonga. Yanatuhusu sana. Shule zetu sasa hupeleka filamu katika tamasha la kitaifa la drama, na mwalimu anayesaka kisa cha kupiga picha hukimbilia ngano za kwao. Nje ya shule pia zimeanza kutafutwa. Mwaka 2023 Netflix na UNESCO walitoa filamu fupi sita zilizotokana na ngano za Kiafrika, miongoni mwao Anyango and the Ogre ya Mkenya Voline Ogutu, ambamo mvulana wa miaka 13 anawakinga wadogo zake dhidi ya zimwi lililomo nyumbani mwao. Hilo lilinifurahisha, kwa kuwa zimwi lilitolewa msituni likaletwa mahali ambapo mtazamaji hawezi kulikimbia.

Sasa nikiambiwa nieleze filamu ninayoiona kuwa kamili, sitakwenda mbali. Nitatoka hapa Migori niingie Homa Bay, hadi ziwa dogo la Simbi karibu na Kendu Bay. Wajaluo husimulia kwamba palikuwa na kijiji hapo. Usiku wa karamu ya pombe alifika kikongwe akiomba hifadhi, wakamfukuza, isipokuwa mwanamke mmoja aliyempokea. Mvua ikanyesha, kijiji kikazama. Mtengenezaji wa kawaida atatumia fedha zake zote kwenye gharika. Mimi ningezitumia mlangoni. Ningetaka kila mlango unaobishwa ukae machoni petu kwa muda mrefu kupita kiasi, tumsikie aliye ndani akipima: pombe yangu ni chache, mgeni huyu ananuka, majirani watasema nini. Mtazamaji asijue kwamba huyu ni kikongwe wa ajabu. Akijua, atafungua kwa woga, na mtihani utakuwa umeharibika.

Na kisa kinachopigwa picha Kegonga kisemwe Kikuria. Silisemi hili kwa ukabila. Katika Kikuria, mahali toni ya juu inapoanzia ndani ya kitenzi hutegemea njeo: huweza kuwa mora ya kwanza, ya pili, ya tatu, hata ya nne. Maandishi yetu ya kila siku hayaionyeshi toni hiyo. Mwanafunzi anayekariri maneno yaliyotafsiriwa kutoka Kiingereza ataipotosha, na mzee aliyeketi nyuma atacheka pasipochekesha. Tafsiri ya Kiswahili iandikwe chini ya picha.

Kundi la Critical Role lilianza kuucheza mchezo huu hadharani mwaka 2015. Walipoomba umma dola 750,000 mwaka 2019 ili watengeneze katuni, walipewa zaidi ya milioni 11, na The Legend of Vox Machina ikaonyeshwa mwaka 2022. Watu walilipia kisa ambacho walikwisha kukiona kikizaliwa mezani. Kwetu mambo huanzia mwisho: kamera hufika kwanza, fanani huitwa baadaye, kama ataitwa.

Mwalimu aliye na simu tu anaweza kuanza muhula huu. Amweke fanani mbele ya darasa, aipige picha hadhira pamoja naye, na kikongwe anapobisha hodi asimamishe kisa. Wanafunzi wajibu mmoja mmoja, kwa lugha zao, mwenye kufungua na mwenye kukataa, na majibu hayo ndiyo yawe maneno ya waigizaji.